Kibao Nilichoandika kwa Kiswahili Kule Japani

Jameni, hii aibu nimeificha hata mama hajui, lakini leo acha niitoe, mnicheke tumalizane.

Mnakumbuka vile tulipelekwa Japani kusomea mbegu, sisi wakulima watano wa viazi wa Kibirichia pamoja na Njiru, afisa wa kilimo kutoka Siakago. Huyo Njiru nilimpenda tangu alipoanza kuja shambani kwangu na pikipiki yake (yeye anainama kukagua majani, mimi nakagua shingo yake), na hakuwahi kujua, maana kila nikijikaza kumwambia, kinachotoka mdomoni ni habari ya mbolea.

Siku ya mwisho tukapelekwa kwa hekalu moja la zamani sana ambapo watu huenda kuombea wachumba na bahati. Unanunua kibao cha mbao, unaandika ombi lako, unakitundika hapo. Mimi mtu wa kwaya nilijua hapa si pangu, lakini moyo ukasema, Kinya, andika tu, nani atajua? Kiingereza wenyeji wangesoma, basi nikaandika Kiswahili, nikajificha nyuma mbali na wenzangu nikitundike.

Kumbe mzee wa kututembeza, aliyetuongelesha Kiingereza siku nzima, ameninyemelea.

“Kiswahili!” akapiga kelele kwa furaha. “Mimi nilifundisha Embu zamani!” Na akakisoma, polepole, kwa sauti ya darasani, wenzangu wote wakija mbio kusikia: “Na-o-mba Njiru anione mimi, asione viazi tu.” Akageuka akitabasamu. “Njiru ni nani?”

Vidole vinne vikamwonyesha.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Njiru akanisogelea, akaniambia polepole, “Pole, Kinya. Mwezi ujao napeleka mbuzi wa mahari kwa kina msichana fulani. Mbona hukusema mapema?” Kisha akachukua kile kibao, akakitundika mwenyewe, juu, mahali mkono wangu haungefika, na mimi nikasimama pale nikiangalia ile shingo.

Alioa. Harusini niliimba na wengine, mara mbili nikatoka nje katikati ya wimbo, nikasingizia vumbi.

Nimeapa neno la moyo sitaliandika kwenye mbao tena. Nikipenda mtu nitamwambia yeye, hata nikitetemeka. Shida ni kwamba sijapata mwingine wa kuambia, na kila nikisikia pikipiki ikikata kona kuja shambani, mimi huyo, najifuta mikono kwa leso.