Mashua Iliyofukizwa Mnyuzi

Matayo wa Mnyuzi ana mdomo kuliko redio. Ukimwambia umeona chatu, yeye aliwahi kumfunga kamba. Ukisema umevuna magunia mawili, yeye aliacha mengine shambani kwa kukosa pa kuyaweka. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge. Mkonge ukapungua, ukoo ukabaki, wakawa watu wa kulima mahindi na kujisifu. Lakini mwulize habari za mashua ya Mzee Awadhi, uone atakavyoanza kutafuta jembe ambalo amelishika mkononi.

Awadhi alikuwa Mzigua wa Handeni, kule ambako ndoo za maji hupangwa foleni kabla jogoo hajawika. Ujana wake wote aliumalizia Mombasa akitengeneza mashua za watu. Alipozeeka, na mkewe akawa ametangulia, akanunua kiwanja Mnyuzi, karibu na Mto Pangani, akaunda mashua yake mwenyewe kwa mbao za mvule. Haikuwa ya kuvulia wala ya kuvushia abiria. Ilikuwa ya kutembelea tu, kama mwenzio anavyotembelea baiskeli. Jioni anapiga makasia juu kidogo, anaiacha ishuke na maji, anarudi kunywa uji wake.

"Mzigua kaona maji mengi, kalewa!" Matayo alimpigia kelele siku ya kwanza kutoka ukingoni.

"Nyamaza, mpagazi wewe! Njoo unibebee makasia."

Hapo hakuna aliyekasirika, maana Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Matayo akabeba makasia. Kesho yake akabeba tena. Mwisho akawa anakaa ndani ya mashua kila jioni, wakitukanana mpaka viboko walio mbali wakatoa masikio kusikiliza. Majina yao halisi yaliota kutu. Mmoja Mpagazi, mwingine Mzigua, basi.

Munira, binti wa mzee, alikuwa Mombasa na alimtaka baba yake ahamie huko. Jibu la mzee lilikuwa moja: "Na mashua yangu nimwachie nani?" Mwanzoni mwa mwaka 2020 akakubali kwenda, lakini kwa ajili ya mtoto wa jicho tu, apasuliwe, arudi. Siku ya kuondoka alimshika Matayo bega, na uso wake haukuwa na utani hata chembe.

"Mto ukijaa, itoe. Lakini ikiwa nchi kavu, isikauke. Mwagia maji ndani kila siku, funika kwa magunia yaliyolowa. Mbao zikishiba maji zinabanana, zikikauka zinaachana. Nikirudi nikaikuta nzima, nakaa hapa mpaka mnizike. Nisipoikuta, Munira amenishinda."

"Wewe kaondoe ukungu machoni," Matayo akasema. "Wazee wangu walibeba pembe mpaka pwani bila mkwaruzo. Sembuse mashua?"

Korona ikaingia. Mpaka ukafungwa kwa abiria, na Mzee Awadhi akabaki Mombasa amevaa barakoa na kitambaa cha jicho. Huku masika yakashuka, mto ukapanda. Matayo akakusanya wanaume, wakaivuta mashua mpaka kwake, wakaiweka juu ya magogo chini ya banda lililo ubavuni mwa jiko. Kwa hilo, tusimnyime sifa yake; mwenyewe hakujinyima.

Siku za mwanzo alimwagia maji vizuri. Ndoo asubuhi, ndoo jioni, magunia yakilowa. Hapo ndipo alipopita Petro, fundi baiskeli, akasimama kutazama.

"Matayo, hiyo mboga itakuwa tayari lini? Niwekee fungu moja."

Watu wakaangua kicheko. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unauliza bei ya mchicha wa Matayo. Sasa, yule anayewachoma wengine kutwa nzima ndiye mwenye ngozi laini kuliko wote. Na Petro hakuwa mtani wake. Utani wa asiye mtani unawasha kama upupu. Kesho yake Matayo akamwagia nusu ndoo, akichungulia njiani. Keshokutwa hakumwagia.

Akajipa sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Kila kitu alichojua kutunza, alikitunza kwa kukikausha. Mahindi ya mbegu hukaa darini juu ya meko. Singa za mkonge huanikwa juani. Maharage yakipata unyevu, umelima bure. Kitu kikioza, kimeozeshwa na maji. Iweje mashua peke yake iozeshwe na ukavu? Kisha akaona udongo wa mchwa umeanza kupanda kwenye gogo. Akawasha moto mdogo wa majani ya mwarobaini chini ya mashua, moshi ukawa unaipanda taratibu kutwa. Zile ndizo siku ambazo kila nyumba ilikuwa ikijifukiza chini ya blanketi.

"Baba Edna," mkewe, Yusta, akamwita kutoka jikoni, "na mashua nayo inakohoa?"

"Nafukuza mchwa."

"Mzee alisema maji."

"Mzee hakuwaona mchwa."

Akaipaka mafuta, ikang'aa. Watu wakaja kuitazama, naye akasimama kando yake kama bwana harusi. Petro mwenyewe akasema, "Hapo sasa." Neno hilo Matayo alilala nalo.

Kiangazi kilipokolea, adhuhuri moja aliinama kuokota yai la kuku aliyetaga chini ya mashua, akainua macho, akaona mwanga. Mistari myembamba ya jua ilikuwa inapita kati ya mbao na mbao. Akapitisha ukucha, ukaingia. Akakimbilia ndoo, akamimina ndani, maji yakamwagikia miguu yake kama yamepita kwenye chekecheke. Njiani kulikuwa na watu. Akairudisha ndoo jikoni.

Mzee akapiga simu. "Mpagazi! Mashua yangu ikoje?"

Matayo akapaza sauti. "Imekauka kama koo la Mzigua! Nasimama huku naona jua la upande wa pili."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Munira, njoo umsikie huyu mshenzi!"

Naye Matayo akacheka. Simu ilipokatika akajiambia: nimemwambia. Nani atasema sikumwambia?

Njia zilipofunguka, Awadhi akarudi. Jicho lilikuwa limepona na anaona vizuri, ndiyo ilikuwa balaa. Alienda moja kwa moja bandani, hata chai ya Yusta hakuigusa. Akainama, akatia kidole katikati ya mbao mbili, kikazama.

"Uliniambia," akasema. "Uliniambia, nami nikacheka."

Waliishusha mtoni, wakaizamisha pa kina kifupi kwa mawe, ili inywe. Nyufa za juu zikajifunga kidogo. Lakini mbao za chini, zile zilizokuwa juu ya moto, zilikuwa zimepasuka kwa urefu na kujipinda, misumari imelegea kama meno ya kizee.

"Hizi si za kushiba tena," mzee akasema. "Ni za kubadilisha."

"Tubadilishe! Mvule nitautafuta mimi. Niambie tu pa kupiga nyundo."

Awadhi akanyoosha mikono yake mbele, vidole vimekakamaa kwa uzee. Akaitazama, kisha akairudisha mfukoni. Hapo Matayo akashindwa kujizuia, akamwaga yote: ndoo, magunia, mchicha, kicheko.

"Petro?" mzee akauliza. "Kwa ajili ya Petro?"

Akapanda ukingo, akaenda zake. Ingekuwa heri angetukana.

Wiki ile ile alifunga mizigo. Matayo alimbebea begi mpaka kituo cha basi, akilibeba kichwani makusudi, akitembea kwa madaha, akingoja kusikia: beba vizuri, mpagazi. Basi likaja. Mzee akapokea begi lake kwa mikono miwili.

"Ahsante, bwana Matayo. Umejisumbua."

Idd iliyofuata Matayo alipiga simu Mombasa. Alikuwa ameyaandaa maneno tangu shambani, akayajaribu kwa Yusta, Yusta akacheka.

"Mzigua! Huko wanakupa maji kwa kijiko au umeshahamia ndani ya pipa?"

Upande wa pili gari likasikika likipita. "Tunamshukuru Mungu, bwana Matayo," Awadhi akasema. "Mama Edna hajambo? Wasalimie nyumbani."

Matayo akajibu kwamba hajambo, mvua imenyesha, na mahindi si haba. Akangoja. Kisha wakaagana kwa adabu, kama watu waliokutana benki.