Mitokondria Nilizoziapia

Nikiwa kidato cha pili, hapa Likoni, niliijua seli kwa moyo kabla sijaiona. Nilijua kiini ndicho chenye amri, mitokondria ndizo zinazotoa nguvu katika chakula, ribosomu ndizo zinazounda protini. Niliichora nyuma ya kila daftari, hata lile la dini. Nilikuwa mjuaji, na darasa zima lilikuwa limeshanichoka.

Shule yetu haikuwa na hadubini. Mwalimu wetu wa bayolojia, mama wa Kigiriama asiyepandisha sauti hata kwa watundu, aliazima moja shule jirani kwa siku moja tu, na siku yenyewe ikaangukia Ramadhani. Alituambia mchoro utakaoshinda atautundika ukutani mwa maabara. Nikajiambia ukuta ule ni wangu.

Kazi ilikuwa kukwaruza ndani ya shavu kwa kijiti cha kuchokolea meno, kuupaka ute wake kwenye kioo, kutia tone la rangi ya buluu, kisha kutazama. Mimi nikakataa.

"Mwalimu, nimefunga. Sitii kitu kinywani."

Nilisema kwa sauti makusudi, wenzangu waliofunga wasikie, maana wao walikuwa wameshaanza kukwaruza. Mwalimu hakubishana. Jirani yangu wa dawati, Mkristo, akanipa kioo chake.

Nilifumba jicho moja nikachungulia. Niliona kitu cha buluu hafifu kilichokunjika pembeni, kama ngozi ya kitunguu iliyolowa. Katikati palikuwa na kidoa kilichokolea rangi. Hicho ndicho kiini. Nikazungusha gurudumu la kando, mbele na nyuma, nikingoja vilivyobaki vijitokeze. Havikuja. Niliona uchungu, nusura nilie. Miaka miwili ya kungoja, nipewe kidoa!

Basi nikachora seli ya kitabuni. Nilitia mitokondria saba, kila moja na mikunjo yake ya ndani, ribosomu nikazimwaga kama ufuta. Penseli niliikandamiza hasa.

Mwalimu alifika mezani kwangu, akautazama mchoro, akainama kwenye hadubini, akakaa hapo kitambo.

"Hizi mitokondria umeziona?"

"Nimeziona, mwalimu."

"Humu?"

"Wallahi nimeziona."

Alinitazama. "Haya. Maadamu umeapa."

Akautundika.

Jioni nilimkuta mamangu jikoni, nyumbani kwetu mtaa wa Shika Adabu, anakoroga muhogo wa nazi. Nikamsimulia habari ya kijiti, nikitaraji sifa. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Na huo mswaki unaopiga kila asubuhi, mwanangu, waupigia puani?"

Nilikasirika. Ili nami nionekane mtu, nikamwambia mchoro wangu uko ukutani, na kwamba nimechora hata nisivyoviona.

"Mwalimu ukamwambiaje?"

Nilimwambia. Kicheko kikakatika.

"Kijiti umekiogopa. Jina la Mungu hukuliogopa."

Alikoroga muhogo wake, na adhana ilipolia alinisogezea sahani ya tende kama siku zote. Niliitafuna moja muda mrefu.

Asubuhi niliwahi maabara kabla ya gwaride. Mwalimu alikuwa anaifunga hadubini kwenye sanduku lake, irudi kwa wenyewe.

"Shikamoo, mwalimu. Sikuziona."

"Marahaba. Najua. Hii haina nguvu ya kuzionyesha. Hata mimi sijawahi kuziona kwa macho yangu, nazijua kwenye picha tu."

"Mbona basi ukautundika?"

"Uliapa kwa Mola wako. Mimi ni nani nikukatalie?"

Nilitamani sakafu inimeze. Niliomba niushushe mchoro, akasema la. Alifungua droo, akanipa kifutio, akanivutia stuli.

Nilipanda, nikazifuta mitokondria moja moja, na ribosomu zote, wenzangu wakiingia na kusimama kutazama. Ukabaki utando, saitoplazimu na kiini. Lakini penseli nilikuwa nimeikandamiza mno, na karatasi ikabaki na alama saba zisizofutika, jina langu likiwa chini yake.

Mchoro ulikaa ukutani muhula mzima. Kila aliyeingia maabara alikuja kuniuliza, hapa penye alama palikuwa na nini. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza uso. Baadaye nilizoea kujibu.

"Hapo niliongopa."