Debe Moja, Sura Moja

Enzi zetu kule Sumbawanga hadithi haikuwa ya bure. Ulipukuchua mahindi kwanza. Mama mkubwa, dada yake mama, aliwahi kupika kwa masista wa misheni, nao walipoondoka wakamwachia sanduku la riwaya za Kiingereza. Basi kila mwaka baada ya mavuno, mchana wa baridi ile ya Ufipa ambapo jua linawaka bila kuchoma, tulizunguka lundo la mahindi uani, yeye kwenye kigoda, miwani puani, kitabu mapajani. Sheria yake ilikuwa moja: "Debe moja, sura moja." Debe halijajaa, hafungui. Ukijaza magunzi chini na punje juu, ole wako!

Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akatusimulia kwa Kiswahili, na penye utamu akahamia Kifipa. Vidole vilitoka malengelenge na hakuna aliyelalamika. Watoto wa leo ukiwaambia wachambue maharage wanauliza kama hayauzwi yaliyochambuliwa tayari.

Mwaka mmoja dada yangu Vero aliugua kifua. Alikonda hadi gauni lake la komunyo likampwaya. Tulimtandikia mkeka karibu nasi, blanketi mbili juu, anakohoa. Na kitabu cha mwaka ule, kwa bahati mbaya, kilikuwa na binti anayekohoa vilevile. Vero akamng'ang'ania. Kila sura ikiisha anauliza, "Mama mkubwa, atapona?" Nilimsikia akimwambia mama kwamba yule akipona na yeye atapona, akifa, basi. Mama akaenda nyuma ya nyumba kulia. Mimi nilipukuchua kama kichaa, nataka tujue upesi, na huku naogopa kujua.

Siku ya sura yenyewe mama mkubwa aliutazama ukurasa muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akamtazama Vero. Kisha akasema, "Haya. Kulipokucha binti akaamka, akaomba uji wa ulezi."

Uji wa ulezi, Uingereza! Nani alijali? Tulishangilia hadi kuku wakatawanyika. Vero naye akaomba uji, akamaliza bakuli zima, na alikuwa amekataa chakula kwa siku nyingi. Sisemi kitabu kilimponya, sindano za hospitali zilifanya kazi yake. Nasema tu kwamba alianza kula.

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu maktaba ya bure ya vitabu vya zamani. "Pakua tu, mama, hulipi kitu." Jalada la kile chetu lililiwa na mchwa, jina lake sikuwahi kulijua, lakini jina la kijiji cha yule binti sijalisahau. Nikaliandika, kikatokea! Nilisoma siku tatu, mboga ikaungua mara mbili. Nikafika kwenye sura ile. Binti hakuamka. Walimzika, na kitabu kikaendelea bila yeye. Kumbe harusi yake, shamba lake na watoto wake sita, mama mkubwa alivitunga mwenyewe, sura baada ya sura, kitabu kikiwa mikononi.

Nililia, jamani, mtu mzima mimi. Nikampigia. Yuko Laela sasa, macho yamefifia ila ulimi uko palepale.

"Shikamoo, mama mkubwa. Ulitudanganya! Yule binti alikufa!"

"Marahaba. Kwa hiyo ulitaka nimuue mbele ya Vero?"

 Nikabaki asante, asante, mpaka akaniambia niache kumaliza salio.

Vero leo ana wajukuu, na akicheka anasikika mtaa wa pili. Watoto wetu wamebahatika: vitabu vyote hivyo vimo mfukoni, bila kupukuchua hata hindi moja, na mimi mwenyewe sasa sishikiki, nasoma kila siku. Nashukuru kwa hilo, nashukuru kweli. Ila kitabu cha kwenye simu kinamsomea kila mtu yaleyale. Mama mkubwa alimtazama kwanza aliyelala kwenye mkeka, ndipo akafungua mdomo.