Sisi ya Madam

Ving'ora vilipolia jioni ile, Doha nzima ikatetemeka vioo, Waingereza wale hawakuinuka mezani. Jamani, watu wale! Bwana Rupert, ambaye babu yake mwenye nishani kifua kizima ananing'inia kwenye picha ukutani, alitazama dirishani, akasema, "Naona vita vimeanza," kisha akaomba chumvi. Mwanamkuu, mtumishi wao, akampa. Mwenyewe alijishangaa, maana hakuhisi kitu.

Baadaye Madam Arabella, mke wa Bwana Rupert, akamfuata jikoni. "Asubuhi tunaondoka," akamwambia.

Sasa ujue, miaka yote aliyofanya kazi kwenye nyumba ile ya Al Rayyan, pembezoni mwa Doha, Mwanamkuu hakuwahi kuambiwa "piga pasi." Aliambiwa, "Leo tunapiga pasi mapazia." Tunafua, tunapika, tunang'arisha vijiko vya fedha. Madam hata ufagio hajawahi kuushika, lakini hiyo "sisi" haikumtoka mdomoni. Basi aliposikia "tunaondoka," angeelewaje? Alimtumia sauti binti yake Warda, kule nyumbani Wete: "Mwanangu, tunaondoka." Warda akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa kujifungua, na alichokuwa akiomba kila siku ni mama yake awepo, basi.

Asubuhi Haji, dereva, akapakia mabegi kwenye gari la kwenda Saudia, wakapande ndege huko, la Mwanamkuu likiwemo. Yeye alishavaa baibui lake jipya. Madam akachungulia buti la gari.

"Hili la nani?"

"Langu, Madam."

Madam akaiva uso mpaka masikio. Wale hawagombi, ng'o! Ustaarabu wao ndio huo. Akamshika bega taratibu.

"Masikini, Mwanamkuu. Tutakukumbuka mno." Akaingia garini, akashusha kioo. "Na tusisahau kumwagilia maua."

Haji akalishusha begi, macho chini. "Nisamehe, dada," akasema, akawasha gari.

Mwanamkuu akafungua mpira, akamwagilia maua, pindo la baibui jipya likilowa. Alitaka kulia, wallahi, machozi yakagoma. Mwili mzima ulikuwa umeingia ganzi. Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa Warda: "Mama, mmeondoka?"

Akafuta vidole, akaandika:

"Wameondoka."