Nilivyomfuata Kabula Dutwa

Siku tulipomzika dada yangu nilimwahidi binti yake, Kabula, kwamba nitakuja kumchukua baada ya mwezi mmoja. Nilikwenda baada ya miaka miwili. Sababu ninazo, ila hakuna hata moja inayopendeza kuisimulia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Mwanza. Mfukoni nilikuwa na barua ya ustawi wa jamii ya kuniruhusu kumchukua mtoto. Nyumbani niliacha kitanda kipya na chandarua cha rangi ya waridi.

Lamadi abiria walinunua samaki. Tuliendelea na safari tukinuka wote, walionunua na ambao hatukununua.

Saa nne nilishuka Dutwa, na bodaboda akanifikisha kwenye nyumba ya malezi. Ni nyumba kama nyingine za pale. Wanakijiji waliijenga, na mjane mmoja, Mayu Nkwimba, analea humo yatima saba.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Wewe ndiye mjomba?" Alisoma barua mara mbili, akanirudishia. "Karatasi ni nzuri. Sasa muulize mwenyewe."

Kabula, mwenye miaka kumi, alikuwa akimsuka Minza, yatima mwenzake wa miaka mitano. Hakusimama.

"Shikamoo mjomba. Ulisema mwezi."

"Marahaba. Nilichelewa."

"Kwako kuna nani?"

"Niko peke yangu."

Alinitazama kwa huruma. "Pole."

Mchana nilikwenda nao kuchuma pamba. Watoto wote walinizidi, hata Minza, na hakuna aliyeshangaa.

Jioni nilimweleza Kabula habari za kitanda.

"Na Minza atalala na nani?"

Nilitaka kusema Minza si ndugu yake. Lakini Minza alikuwa ameshika suruali yangu, akinisikiliza.

Asubuhi Kabula alitoa uamuzi. "Nitakuja likizo. Na Minza. Halafu tutarudi."

"Umesikia," alisema Mayu Nkwimba.

"Nimesikia."

Nilikwenda nikidhani yatima ni mtoto asiye na watu. Kabula alikuwa na watu wengi. Mimi ndiye niliyetakiwa kujieleza.

Nilikuwa nimekata tiketi mbili za kurudi. Konda aliuliza kiti cha dirishani ni cha nani. Nikamwambia mwenyewe amebaki kwao.