Muuza Nyama Aliyeuonea Kinyaa Mwili Wake

Sylvester Mogesi alikuwa na bucha pale Nyamongo, kando ya njia wanayopita wafanyakazi wa mgodi wakitoka zamu. Mbele aliuza nyama. Nyuma, chini ya mabati, mke wake Robi aliuza supu na chapati. Kwa mtu wa kazi ile, Sylvester alikuwa msafi wa kupitiliza. Nzi akitua kwenye ini, alikikata kile kipande akamtupia mbwa. Damu haikumsumbua hata kidogo. Alichokichukia ni ute: makamasi, makohozi, mate, chochote kinachomtoka mtu kikavutika kama gundi.

Ndiyo maana hakumpenda mzee Simioni.

Simioni alikuja Nyamongo zamani kutoka upande wa Geita, akifuata dhahabu. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kuchoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki, ameinamia kikaango, moshi wote unamwingia puani, mpaka mikono ikaanza kutetemeka na isiache. Kila asubuhi alikuja kunywa supu kwa Robi. Kijiko kilimfika mdomoni kikiwa nusu tupu. Mate yalimtiririka kidevuni yakadondokea bakulini, naye akaendelea kunywa. Wateja wengine walihamisha viti. Sylvester alimtazama kupitia kidirisha cha bucha.

"Mwambie awe anabeba akanywee kwake," alimwambia mkewe.

"Kwake kuna nani, Baba Gati? Mwambie wewe mwenyewe."

Akamwambia. "Shikamoo mzee. Wateja wanalalamika. Ingekuwa vizuri ukawa unabeba supu yako ukanywee nyumbani."

Simioni aliitikia marahaba, akaweka kijiko chini, akainuka. Asubuhi iliyofuata hakuja, wala zilizofuata.

Haukupita muda mrefu, bodaboda ilileta paja la dume lililochinjwa alfajiri hiyohiyo. Sylvester alilitundika kwenye ndoano, akakaa kunoa kisu. Nyama mbichi kabisa hucheza, kila muuza nyama anajua. Mahali hapa panaruka, panatulia, pale napo panaruka, wakati ng'ombe mwenyewe ameshakufa. Alikuwa ameyaona hayo tangu utoto wake. Lakini asubuhi ile, akiwa anaangalia lile paja, alisikia kigimbi chake cha kulia kinafanya vilevile. Akapandisha suruali. Chini ya ngozi kitu kidogo kiliruka, kikatulia, kikaruka tena, kama funza aliyefunikwa na kitambaa kibichi.

Akashusha suruali haraka, kana kwamba ameona uchi wa mtu.

Akaingia kwenye simu. Alichokipata kilikuwa Kiingereza, na nusu yake hakuielewa, ila nusu aliyoielewa ilimtosha. Kilisema kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoanza kwa misuli kucheza. Baadaye misuli inasinyaa, ulimi unakonda, na mwisho mtu anashindwa hata kumeza mate yake. Alipofika kwenye mate aliilaza simu kifudifudi mezani.

Kuanzia hapo aliamka na kioo. Alitoa ulimi nje, akauangalia unavyotikisika, kwa sababu ulimi wa yeyote ukitolewa muda mrefu hutikisika, naye hakulijua hilo. Ulikuwa mzito, mweupe katikati, una vipele, sawasawa na zile ndimi za ng'ombe alizopanga mezani. Akaacha kuuza ulimi. Akaacha kula nyama. Alisimama kwa mguu mmoja nyuma ya mlango, alipima vigimbi kwa kamba ya katani, alimeza mate makusudi ili ahakikishe yanapita, na kadiri alivyomeza ndivyo koo lilivyokauka, akaamini kwamba limeanza kufa.

"Angalia ulimi wangu," alimwambia Robi.

"Nimeuangalia jana."

"Angalia leo."

Robi aliangalia. Mwanzoni aliogopa naye, baadaye alichoka, na mwishowe, kama alivyosimulia mwenyewe, akaanza kukiona kinywa cha mumewe kama jalala ambalo kila siku anaitwa kulichungulia.

Siku moja akamkuta Sylvester nyuma ya choo, anaponda bakuli kwa jiwe. Lilikuwa bakuli alilozoea kulinywea Simioni.

"Bakuli limekukosea nini?" akauliza.

"Huenda ndilo lililonipa."

"Mzee yule kaumwa kwa moshi wa zebaki. Hilo linajulikana Nyamongo nzima. Wewe uliwahi kuchoma dhahabu?"

Robi akatema mate chini mbele ya mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ndugu zetu wangapi wameugua, tukawalisha kwa bakuli zetu hizihizi," akasema. "Vaa viatu. Tunakwenda hospitali."

Walipanda gari mpaka Tarime mjini. Daktari aliyewapokea aliitwa Neema, mama mtulivu mwenye sauti ndogo. Alimgonga magoti kwa nyundo ya mpira, akamtembeza kwa visigino na kwa vidole, akamwambia asukume mkono wake kwa nguvu zote, akamtazama ulimi ukiwa umetulia ndani ya kinywa.

"Mguu umewahi kukataa kupanda ngazi? Kitu kimewahi kukuponyoka mkononi?"

"Hapana. Unacheza tu."

"Unalala?"

"Kidogo sana."

"Unakunywa nini ili ukae macho?"

Robi ndiye aliyejibu. "Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Anavinywa kama maji."

Daktari akaweka nyundo mezani. "Kaka, nguvu zako zipo na mishipa yako inafanya kazi. Misuli ya watu wengi wazima hucheza, na kutolala, vinywaji hivyo na hofu huichochea zaidi. Ugonjwa unaouogopa upo, lakini leo sijauona kwako. Ninachokiona ni wasiwasi uliokukalia. Huo nao unatibika. Punguza hivyo vinywaji, ulale, urudi tuzungumze."

Mtu mwingine angeshukuru. Sylvester alitoka akiwa amekunja uso. Kuambiwa ana wasiwasi kulimchukiza, kana kwamba ameambiwa anajikojolea. Upande wa Turwa, palepale Tarime, alikuwa amesikia habari za kibanda chenye mashine inayopima mwili mzima, akamvuta Robi huko.

Kijana wa kibandani alivaa koti jeupe lenye kola nyeusi kwa uchafu. Akampa Sylvester kijiti cha chuma akishike, akatazama kompyuta, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mishipa ya fahamu imeshaanza kuoza," akasema. Kisha akatoa chupa. "Anza dozi hapahapa."

Sylvester akainua chupa. Dawa ilikuwa nzito, ya kijani, ikateremka kooni ikivutika uzi mrefu usiokatika kati ya mdomo wake na chupa. Akajaribu kuumeza ukagoma. Alisimama pale mdomo wazi, ute umemning'inia kidevuni, hajui autoe kwa mkono au aunyonye. Kisha akatapika mlangoni.

Wakati anatapika, Robi aliketi akashika kijiti. Kijana, ambaye alitaka kumaliza haraka, akasoma kompyuta bila kubadilisha jinsia aliyoijaza kwa Sylvester.

"Wewe mama mishipa ni mizima. Una tezi dume."

Hakuna aliyecheka. Sylvester alijifuta kwa mkono wa shati, akamtazama yule kijana, akaitazama kola yake, na kichefuchefu kikamrudi, ila safari hii hakikutoka tumboni.

Gari liliwateremsha Nyamongo.

"Nimejichoka," akasema.

"Na mimi nimekuchoka," Robi akajibu. "Twende nyumbani."

Aliacha vinywaji vya kopo. Alirudi kwa Daktari Neema, akarudi tena, akajifunza kuuacha ulimi ukae ndani. Usingizi ulianza kuja. Kigimbi kilipunguza kucheza ingawa hakikuacha kabisa. Nyama hakuweza kuila, na mpaka leo haili.

Siku moja Robi alimkabidhi chombo cha supu. Sylvester alielewa ni ya nani. Alimkuta Simioni amekaa kwenye ndoo mbele ya chumba chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umetumwa na mkeo?"

"Ndiyo. Lakini nilikukosea mwenyewe. Nisamehe."

Simioni hakusema amesamehe. Alimwonyesha kikombe. "Nishikie. Ikimwagika inaniunguza."

Sylvester akakijaza supu, akakipeleka kwenye midomo ya mzee. Supu ikaingia, nyingine ikarudi na mate, ya moto na ya kuteleza, ikapita juu ya vidole vyake mpaka kiganjani. Ngozi yote ilimsisimka. Akageuza uso.

"Unaona kinyaa," Simioni akasema.

"Naona."

"Hata mimi naona. Kila siku. Lete ninywe kabla haijapoa."

Akanyanyua kikombe tena. Walipomaliza aliuliza kama kesho alete ya utumbo au ya mifupa. Mzee akasema ya mifupa, na pilipili iongezwe.