Pengo Kabla ya Mkato

Ukimuuliza Zuhra kazi yake, atakujibu kwamba anaandika. Anaandika nini? Hapo ndipo majirani zake wa Kibondo wanapochoka naye. Si barua, si riwaya. Anaandika maelezo ya lugha ya mipangilio, ile ambayo mafundi wa kompyuta huitumia kuielekeza programu kwa amri ziitwazo fanksheni: hii inaunganisha maneno, hii inakuza herufi ya kwanza, hii inachomeka jina la mtu palipoachwa nafasi. Mumewe Shamsi, muuza vitenge sokoni, wateja wakimuuliza husema tu, "Mke wangu anawafundisha mafundi kusema na watu." Wala si uongo.

Juzi alikuwa kwenye ukurasa wa fanksheni ya kuchomeka majina. Zahanati kadhaa ziliusubiri, zipate kuandaa ujumbe wa kuwakumbusha akina mama chanjo za watoto. Zuhra akaongeza aya ya onyo: jina la mtoto likikosekana, fanksheni haigomi. Inaacha pengo, na ujumbe unakwenda hivyo hivyo. Kwa hiyo fundi aweke sharti kwamba pasipo jina ujumbe usitumwe, muuguzi apige simu mwenyewe.

Ridhiwani, kijana wa Dar anayesimamia kazi hiyo, akaifuta aya yote. Kisha akapiga simu.

"Dada Zuhra, ukurasa umekuwa mrefu kama treni ya Kigoma. Mafundi wananakili mfano tu, maelezo hawasomi."

"Basi onyo niliweke ndani ya mfano."

"Lakini dada, mtoto gani hana jina?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Zuhra hakubishana naye. Alikata simu, akatafuta ujumbe wa zamani ambao hakuwahi kuufuta, akampelekea:

"Mama , mlete mtoto wako kwa chanjo ya wiki ya sita."

Chini yake akaandika: "Binti yangu alifia nyumbani, Kasulu, kabla ya siku ya saba. Akika ya kumpa jina ilikuwa bado, kwenye kompyuta ya zahanati hakuwa na jina. Ujumbe huu ulinikuta naanika nguo."

Ridhiwani aliusoma, akapiga simu tena. Safari hii ubosi wote ulikuwa umemtoka.

"Nisamehe, dada. Pole sana. Irudishe aya yako, na mfano uandike wewe."

Zuhra akalia, kwa uchungu na kwa nafuu pia, kisha akaketi kuandika. Mfano wa pengo ulikuwa rahisi. Mfano wa kwanza, ule wenye jina, ndio uliomshinda. Mafundi wengine huweka jina lolote tu. Yeye alimngoja Shamsi arudi kutoka sokoni.

"Niliweke lile jina?"

Walikuwa wamelichagua wawili, na tangu maziko hakuna aliyelitamka. Shamsi akavuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Liweke, mke wangu."

Akaliandika, akabonyeza kitufe cha kujaribu. Kompyuta ikajibu: "Mama Rabia, mlete mtoto wako."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumwita Zuhra hivyo.